Namna ya kusoma daftari la hesabu la tajiri wa Firenze

Francesco di Marco Datini, mfanyabiashara wa Prato, mji ulio jirani na Firenze nchini Italia, alifariki mwaka 1410 akaiacha mali yake kwa maskini wa mji wake. Makaratasi yake yalibaki humohumo ndani ya nyumba. Yalipogunduliwa mwaka 1870, zilikutwa barua zipatazo 150,000 na madaftari ya hesabu zaidi ya 500. Huyo ni mtu mmoja. Ukiongeza madaftari ya akina Medici, Strozzi, Cambini na familia nyingine za Firenze, unapata shehena ya karatasi ambayo msomaji mmoja hawezi kuimaliza hata akipewa maisha matatu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa yeyote anayetaka kuingia humo: mwanafunzi wa historia, mwalimu wa biashara, mhasibu mwenye hamu ya kujua kazi yake ilitoka wapi. Huhitaji kuwa bingwa wa Kiitaliano. Maneno yanayorudiwarudiwa katika madaftari haya ni machache, na ukishayazoea macho yatakwenda yenyewe. Nashikilia jambo moja tangu mwanzo: usikimbilie jumla. Chukua deni moja la mtu mmoja, ulifuate jani kwa jani mpaka lizimike. Aliyefuata deni la mfumaji mmoja hadi mwisho ameielewa biashara ya Firenze kuliko aliyekariri faida ya miaka hamsini ya benki ya Medici.

Hatua ya 1: Jua umeshika daftari la aina gani

Familia yenye biashara kubwa haikuwa na daftari moja. Karani wa fedha taslimu alikuwa na daftari lake la sanduku, kilichoingia na kilichotoka. Kulikuwa na daftari la kumbukumbu za kila siku, ambamo mambo yaliandikwa kwa mfuatano yalivyotokea. Kutoka humo habari zilihamishiwa kwenye leja kuu, *libro dei debitori e creditori*, yaani daftari la wadaiwa na wadai, ambako kila mtu na kila kitu kilikuwa na ukurasa wake. Warsha za sufu ziliongeza madaftari mengine: la wafumaji, la watia rangi, la wasokotaji nyuzi.

Juu ya yote hayo lilikuwapo *libro segreto*, daftari la siri. Hilo makarani hawakulishika. Mwenyewe au mbia mkuu aliliandika kwa mkono wake na kulifungia. Humo ndimo kulimokuwa na mtaji wa kila mbia, mgawanyo wa faida, mishahara ya wakubwa, na majina ya watu wazito walioweka fedha zao bila kutaka ijulikane. Madaftari matatu ya siri ya benki ya Medici, yanayohusu miaka 1397 hadi 1450, yalipatikana mwaka 1950 katika Hifadhi ya Nyaraka ya Firenze. Kabla ya hapo wanahistoria walikuwa wakiizungumzia benki hiyo kwa kubahatisha mambo mengi.

Aina ya mwisho ni *ricordanze*, daftari la nyumbani. Baba wa familia aliandika humo ndoa, vizazi, vifo, mashamba aliyonunua, watumishi aliowaajiri, na hesabu za harusi. Kwa anayeanza, hili ndilo tamu kuliko yote, maana fedha na maisha vimekaa mstari mmoja.

Tazama jalada. Madaftari yalipewa majina kwa rangi na herufi: daftari jeupe A, jekundu B, jeusi C. Ukikuta ndani pameandikwa kwamba salio limepelekwa kwenye daftari jekundu lenye alama C, maana yake hesabu haijaisha. Imehamia kitabu kingine, na ni juu yako kukitafuta. Vitabu vingi vya mlolongo huo vimepotea, kwa hiyo andika mapema unavyo vipi na vipi havipo.

Kisha soma ukurasa wa kwanza wote. Utakuta dua: kwa jina la Mungu, la Bikira Maria, la watakatifu. Datini alipenda kuandika “kwa jina la Mungu na la faida”. Baada ya dua hutajwa mwenye daftari, kazi yake, wabia wake na mwaka ulipoanza. Wanaoruka ukurasa huu hujikuta baadaye wakihusisha deni la kampuni na mfuko wa mtu binafsi, na makosa hayo hayarekebishiki kirahisi.

Hatua ya 2: Rekebisha mwaka

Hapa ndipo wengi huteleza. Firenze haikuanza mwaka tarehe 1 Januari. Mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari, na waliendelea hivyo hadi mwaka 1750. Maana yake, tarehe yoyote kati ya 1 Januari na 24 Machi iliyoandikwa na Mfirenze iko nyuma kwa mwaka mmoja kulinganisha na hesabu yetu. Lorenzo de' Medici, kiongozi maarufu wa Firenze, alizaliwa tarehe 1 Januari 1449 kwa hesabu ya leo. Kwa watu wa mji wake, ulikuwa bado ni 1448.

Tatizo linakua pale kampuni inapokuwa na matawi. Venezia walianza mwaka tarehe 1 Machi. Pisa nao walianza 25 Machi, lakini ile inayotangulia, kwa hiyo walikuwa mwaka mmoja mbele ya Firenze, ingawa miji hiyo imetenganishwa na safari fupi ya mto Arno. Barua iliyotoka Pisa na jibu lililotoka Firenze wiki hiyohiyo zinaweza kubeba miaka miwili tofauti, na karani hakuona ajabu yoyote.

Katika daftari lako la kazi weka safu mbili: tarehe kama ilivyoandikwa, na tarehe kwa hesabu yetu. Usifute ya kwanza kamwe.

Saa nazo zina utaratibu wake, na hapa msomaji wa Kiswahili ana nafuu. Waitaliano wa zama hizo walihesabu saa kuanzia jua kuzama, na siku mpya ilianza jioni. Mtu wa Zanzibar au Mombasa aliyekua akijua kuwa usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa haoni ugumu wowote. Tofauti ni kwamba wao walikwenda hadi saa 24 bila kuanza upya asubuhi.

Hatua ya 3: Tenganisha fedha na fedha

Firenze ilitoa sarafu ya dhahabu, florini, mwaka 1252. Ilikuwa na uzito wa takriban gramu 3.5 za dhahabu safi, upande mmoja yungiyungi, upande wa pili Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Wafanyabiashara wakubwa, mabenki, wapangaji wa ndoa na wanunuzi wa ardhi walihesabu kwa florini. Mfumaji, kibarua, muuza mboga na mwokaji mkate waliishi kwa sarafu ndogo za fedha zilizochanganywa na shaba, zikihesabiwa kwa lira, soldi na denari. Lira moja ilikuwa soldi 20, na soldi moja denari 12.

Kati ya dhahabu na fedha ndogo hapakuwa na kiwango kimoja. Florini ilipotoka mwaka 1252 ilikuwa sawa na lira 1. Miaka ya 1420 ilikuwa karibu lira 4. Kufikia mwaka 1500 ilikuwa lira 7. Tajiri aliyeweka mali yake kwa dhahabu na kulipa vibarua wake kwa soldi alikuwa akifaidika bila kufanya lolote, na hilo linaonekana waziwazi ukiweka daftari la warsha kando ya daftari la siri la familia hiyohiyo. Naona hili ni mojawapo ya mambo mazito kuliko yote ndani ya hesabu hizi, na halitajwi popote kwa maneno.

Kuna mtego mwingine. Makarani waliigawa hata florini yenyewe kwa soldi na denari za hesabu tu, ambazo hazikuwa sarafu za kushika mkononi. Mfumo wa zamani uliigawa florini kuwa soldi 29. Mfumo uliokuja kuenea katika karne ya 15 uliigawa kuwa soldi 20. Utajuaje upo upi? Pitia safu ya soldi kwenye kurasa kadhaa. Ukiona mahali popote soldi 23 au 27 kando ya florini, upo kwenye mfumo wa 29. Kama kurasa nyingi zinapita na soldi hazivuki 19, upo kwenye mfumo wa 20. Fanya hivi kabla hujajumlisha kitu.

Ili namba zikuingie kichwani, tumia kipimo cha jasho. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 15 kibarua wa ujenzi asiye na ufundi alipata karibu soldi 10 kwa siku. Florini ikiwa lira 4, yaani soldi 80, basi florini moja ni siku nane za kubeba mawe na chokaa. Kila unapokutana na kiasi, kigeuze kuwa siku za kazi. Kugeuza florini za Medici kuwa dola au shilingi za leo hakukuelezi kitu.

Hatua ya 4: Zoea mwandiko na namba

Wafanyabiashara walikuwa na mwandiko wao, *mercantesca*, wa mviringo, wa haraka, wenye herufi zilizoshikana na vifupisho vingi. Usijaribu kuusoma neno kwa neno siku ya kwanza. Chagua ukurasa mmoja, tafuta maneno unayojua lazima yapo, kama jina la mwezi au *dare* (kutoa) na *avere* (kupata), kisha tengeneza jedwali lako la herufi kutokana na hayo. Tahajia pia si ya leo: wataandika *chassa* badala ya *cassa* (sanduku), *chonpagnia* badala ya *compagnia* (kampuni). Soma kwa sauti, sikio litakuambia. Programu za kusoma mwandiko kwa kompyuta, kama Transkribus, zinaweza kukupa rasimu, lakini kila namba ihakikishe kwa jicho lako.

Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Firenze kilipiga marufuku tarakimu za Kiarabu katika madaftari ya wanachama wake. Sifuri ni rahisi kuigeuza 6 au 9, na pesa za watu hazichezewi. Tarakimu zenyewe walikuwa wanazijua: Leonardo Fibonacci wa Pisa alizifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1202, baada ya kujifunza hesabu utotoni huko Bugia, ambayo leo ni Béjaïa nchini Algeria. Kwa muda mrefu makarani walizitumia kwa tarehe, namba za majani na mahesabu ya pembeni, huku kiasi cha fedha kwenye safu kikiandikwa kwa namba za Kirumi. Kwa hiyo utakutana na mifumo yote miwili katika mstari mmoja. *I* ya mwisho hurefushwa mkia, *viij* ni 8. Herufi M ndogo iliyopandishwa juu ya namba humaanisha elfu.

Mstari wa mshazari uliokata ingizo zima haumaanishi kosa. Unamaanisha limelipwa au limehamishwa. Ingizo lisilokatwa ndilo la kulitazama mara mbili.

Hatua ya 5: Soma ingizo moja mpaka liishe

Sasa tufike kwenye kiini. Fungua leja ya karne ya 15 iliyopangwa kwa mtindo ulioitwa wa Kivenezia. Kurasa mbili zinazotazamana zina namba moja ya jani. Upande wa kushoto, chini ya jina la mtu, kumeandikwa *dee dare*, anapaswa kutoa. Upande wa kulia, jina lilelile, *dee avere*, anapaswa kupata. Hiyo ndiyo debiti na krediti kabla hazijakauka na kuwa istilahi za darasani. Fikiria daftari la madeni la duka la mtaani: Mama fulani anadaiwa, Mama fulani amepunguza. Tofauti ni kwamba Wafirenze walilifungulia ukurasa hata sanduku la fedha, hata sufu, hata gharama za nyumbani. Sanduku nalo “linapaswa kutoa” na “linapaswa kupata”, kama binadamu. Kampuni ya Bardi, kabla haijaanguka miaka ya 1340, ilimfungulia hesabu hata Mwenyezi Mungu, kwa jina la *Messer Domeneddio*, na sehemu yake ilikwenda kwa maskini.

Nimetunga mfano kwa maneno ya kawaida ya leja hizo, ili uone mifupa ya ingizo. Ni jani la 45, ukurasa wa mfumaji, upande wa kushoto:

*dee dare a dì 12 di febraio L. 6 s. 10, portò contanti, posto chassa debbi avere in questo a c. 8*

Anapaswa kutoa, tarehe 12 Februari, lira 6 na soldi 10, alichukua taslimu, imewekwa kuwa Sanduku linapaswa kupata, katika daftari hili, jani la 8.

Neno la kushika ni *posto*, imewekwa. Ndilo linalokuambia nusu ya pili ya tukio iko wapi. Nenda jani la 8, ukurasa wa Sanduku, upande wa kulia. Unapaswa kukuta tarehe 12 Februari, lira 6 na soldi 10, jina la mfumaji, na maelekezo ya kurudi jani la 45. Ukiikuta, umeshuhudia hesabu ya pande mbili ikifanya kazi. Usipoikuta, simama hapo. Huenda karani alisahau, huenda jani limenyofoka, huenda ingizo liliandikwa baadaye kuficha jambo. Kila mojawapo ni habari.

Rudi jani la 45, upande wa kulia sasa: mfumaji anapaswa kupata, tarehe 20 Machi, lira 4 na soldi 5 kwa kufuma kitambaa kimoja. Amebakiza lira 2 na soldi 5. Ingizo linalofuata ni la tarehe 2 Aprili, na mwaka umebadilika. Ukisahau Hatua ya 2 utasema mfumaji huyu alikaa mwaka mzima bila kazi. Ukweli ni kwamba zimepita wiki mbili tu.

Endelea hivyo. Utaona anachukua tena kabla hajamaliza la kwanza. Utaona pengine deni kubwa mwanzoni, la kununulia kitanda chake cha kufumia, ambalo analipunguza kidogokidogo kwa kila kitambaa. Utaona bei ya nafaka aliyopewa badala ya fedha. Mfumaji mwenye deni la namna hii hawezi kuhamia warsha nyingine, na mwenye warsha anajua. Hesabu haisemi hivyo, lakini namba zake hazisemi kitu kingine.

Kwa kila ingizo andika: namba ya jani na upande, tarehe mbili, jina, aina ya fedha, kiasi, sababu, na jani linakokwenda. Chukua watu watano kwa utaratibu huu na utajua zaidi ya aliyepekua kurasa mia tano kwa haraka.

Hatua ya 6: Itafute riba ilipojificha

Kanisa liliharamisha riba. Hata hivyo mabenki ya Firenze yaliishi na kunenepa. Hutakuta ukurasa wenye kichwa “riba”, kwa hiyo usiutafute. Tafuta sehemu mbili.

Ya kwanza ni amana *a discrezione*, kwa hiari. Mtu aliweka fedha, na benki, kwa ukarimu wake, ikampa zawadi kila mwaka. Zawadi hiyo haikuahidiwa kwenye karatasi, lakini ilikuja.

Ya pili ni hawala kati ya miji. Chukua mfano: benki huko Venezia inampa mtu dukati 500, sarafu za dhahabu za mji huo, leo, naye anaandika hawala ilipwe London baada ya miezi mitatu, kwa kiwango cha peni 47 za Kiingereza kwa kila dukati. London zinapokelewa peni 23,500. Hapo zinageuzwa na kurudishwa Venezia kwa hawala nyingine ya miezi mitatu, na safari hii kiwango cha London ni peni 44 kwa dukati. Gawanya: zinarudi dukati 534. Faida ni 34 kwa miezi sita, karibu asilimia 14 kwa mwaka. Kwenye daftari itaingia katika ukurasa wa *pro e danno di cambi*, faida na hasara ya kubadilisha fedha. Kwa kuwa kiwango kingeweza kugeuka, benki ilisema imebeba hatari, na aliyebeba hatari si mla riba. Mara nyingi dukati ilithaminiwa juu zaidi Venezia kuliko London, na ndiyo maana mchezo ulilipa.

Fuata hawala hizi kama ulivyofuata deni la mfumaji, kutoka tawi hadi tawi. Weka kando ya mfumaji wa jani la 45 na ujiulize ni nani kati ya hao wawili aliyepewa nafasi ya kuita mkopo wake kwa jina zuri.

Hatua ya 7: Mtaji na faida

Hii ni fupi, kwa sababu hapa vitabu vingi vimeshafanya kazi. Katika daftari la siri tafuta *corpo*, mtaji ambao kila mbia aliweka. Benki ya Medici ilipoanza Firenze mwaka 1397, Giovanni di Bicci de' Medici aliahidi florini 5,500, Benedetto de' Bardi 2,000, na mbia wa tatu 2,500. Wa tatu alijitoa mapema, Giovanni akapandisha fungu lake hadi 6,000, na mtaji ukawa 8,000. Kufikia mwaka 1420 faida yote ilikuwa florini 151,820. Robo tatu ilikwenda kwa Medici, na zaidi ya nusu ya faida hiyo ilitoka tawi la Roma, lililokuwa likihudumia fedha za Papa.

Katika mizania za miaka ya baadaye, angalia upande wa wadaiwa, na tafuta majina yasiyosogea. Mfalme au mtawala aliyekopeshwa hubaki palepale mwaka hadi mwaka, na kiasi kinakua. Matawi ya London na Bruges yaliumizwa na mikopo kwa Mfalme Edward wa 4 wa Uingereza na Charles, Mtawala wa Burgundy. Ukiona deni la namna hiyo limehesabiwa kama mali kamili, itilie shaka jumla. Benki ilifungwa mwaka 1494.

Hatua ya 8: Toka nje ya daftari

Daftari halijitoshelezi. Linganisha na barua, na kodi, na orodha za mali.

Kwa kodi, Firenze inatupa hazina: *catasto* ya mwaka 1427, ambapo kaya zipatazo 60,000 za mji na himaya yake zilitangaza mali na madeni. Kwa kila mdomo wa kulishwa, kaya ilipunguziwa florini 200 katika mali ya kutozwa kodi. Aliyeongoza kwa utajiri alikuwa Palla Strozzi. Makampuni yaliambatisha mizania zao. Hapo wafanyabiashara wanalia: deni hili halilipiki, mtu huyu amefilisika, huyu amekimbia. Mtafute mtu huyohuyo kwenye leja uone kama kweli alikuwa halipi.

Kwa barua, sijaona mfano bora kuliko Alessandra Macinghi Strozzi, mjane ambaye wanawe walikuwa mbali na Firenze. Barua zake 73 zimebaki. Mnamo Agosti 1447 alimwandikia mwanawe Filippo, aliyekuwa Napoli, kwamba binti yake Caterina amechumbiwa na Marco Parenti, kijana wa biashara ya hariri. Kwa desturi yao familia ya binti ndiyo iliyolipa upande wa mume, na Caterina alikwenda na florini 1,000: nusu kutoka mfuko wa serikali wa akiba za mabinti, ulioanzishwa mwaka 1425, na nusu iliyobaki kwa fedha taslimu na nguo. Mama anasema wazi kwamba angetoa zaidi binti angeolewa na mkubwa zaidi, lakini hakuwa na uwezo. Kisha anajifariji kwa mahaba ya Marco: amemkatia vazi la mahameli nyekundu, na akitoka nje atakuwa amevaa zaidi ya florini 400 mwilini.

Sasa fungua *ricordanze* za Marco mwenyewe, ambazo nazo zimebaki. Anaandika gharama za vazi lilelile, kitambaa, lulu, manyoya ya tausi ya kilemba, kitu kimoja kimoja. Mama anajivuna, mume anahesabu, na vyote viwili ni vya harusi moja. Gawanya florini 400 kwa siku za kibarua: ni siku 3,200 za kubeba mawe.

Kwa orodha za mali, ile ya Medici iliyofanywa Lorenzo alipofariki mwaka 1492 inashangaza. Bakuli la kale la jiwe la thamani, ambalo leo linajulikana kama Tazza Farnese, lilipewa thamani ya florini 10,000. Picha ndogo ya Mtakatifu Jeromu iliyohesabiwa kuwa kazi ya Jan van Eyck, florini 30. Usiwasomee thamani ya leo. Na Lorenzo mwenyewe aliandika katika kumbukumbu zake kwamba familia ilitumia florini 663,755 kwa majengo, sadaka na kodi kati ya mwaka 1434 na 1471. Jumla kubwa namna hiyo iliyoandikwa na mwenye nyumba kwa ajili ya wanawe isome kwanza kama kauli ya fahari, kisha kama hesabu.

Hatua ya 9: Watu walioandikwa kama bidhaa

Lazima utakutana nao. Baada ya tauni kuu ya 1348 kupunguza watu, Firenze iliruhusu mwaka 1363 kuingizwa watumwa wasio Wakristo. Wengi walikuwa wasichana kutoka pande za Bahari Nyeusi. Katika daftari la nyumbani mnunuzi anaandika umri, rangi, kovu, bei kwa florini, na jina jipya la ubatizo. Kuanzia miaka ya 1460 madaftari ya Cambini yanaonyesha Waafrika walioletwa kupitia Lisbon. Unapowanakili, mpe kila mmoja mstari wake kama ulivyompa mfumaji, na umfuate: aliuzwa tena, alizaa, aliachwa huru katika wasia? Wengine hutoweka baada ya ingizo moja. Andika kwamba ametoweka, na taja jani.

Bartolomeo Marchionni alikwenda Lisbon akiwa karani wa Cambini, akawa mfanyabiashara mkubwa wa watumwa kutoka Guinea, yaani pwani ya Afrika Magharibi. Yeye na Mfirenze mwenzake Girolamo Sernigi walikuwa miongoni mwa waliotia fedha katika msafara wa meli za Kireno ulioongozwa na Cabral mwaka 1500, uliotia nanga Kilwa na Malindi ukielekea India. Ukikuta pilipili au *denti di liofante*, pembe za ndovu, katika hesabu za Kifirenze za miaka hiyo, tafuta fungu la nani lilikuwa ndani ya meli gani.

Pa kuanzia

Anza na mkusanyo uitwao Mediceo avanti il Principato wa Hifadhi ya Nyaraka ya Firenze, ambao picha zake ziko kwenye tovuti ya hifadhi hiyo. Madaftari ya siri matatu yako katika jalada namba 153. Nayapendekeza kwa mwanzo kwa sababu majina ni machache, na takwimu kuu zilichapishwa na mwanahistoria Raymond de Roover mwaka 1963, hivyo unaweza kujisahihisha. Mtafute Benedetto de' Bardi, zitafute florini zake 2,000, kisha soma namba ya jani iliyoandikwa mwishoni mwa ingizo na uende huko.